Chesterton, Lepanto na Ng'ambo ya Pili ya Bahari

Mtu wa pwani hashangai kusikia kwamba mwandishi wa magazeti ni mshairi. Tangu Mambo Leo lilipoanza kutoka mwaka 1923, gazeti la Kiswahili lisilo na ukurasa wa mashairi limekuwa kama pilau isiyo na bizari: inalika, lakini haina harufu. Watu walitungiana maswali na kujibizana humo, wakatumiana salamu, wakakosoana vina. Na tungo za Shaaban Robert ziliwafikia wengi kwa njia hiyo kabla hazijawafikia kwa njia ya vitabu. Huenda basi msomaji wa pwani akapata taabu kuielewa hadhari ya Waingereza, ambao kwao gazeti ni kitu cha asubuhi moja, kikifika jioni kimeshafungiwa samaki, ilhali shairi ni kitu cha kudumu. Kwao mtu afanyaye kazi zote mbili hutiliwa shaka katika ile ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza.

Shaka hiyo ilimwandama Gilbert Keith Chesterton maisha yake yote. Alizaliwa London mwaka 1874, akafariki Beaconsfield mwaka 1936, na kati ya miaka hiyo hakuna juma alilokaa bila ya kuandikia gazeti, isipokuwa alipolala mahututi kuanzia mwishoni mwa 1914 hadi 1915. Alikuwa na makala katika Daily News tangu 1901 hadi 1913. Katika Illustrated London News aliandika kila wiki tangu 1905 hadi kufa kwake, jumla ya zaidi ya miaka thelathini katika ukurasa mmoja. Tena kuanzia 1925 alikuwa na gazeti lake mwenyewe, lililobeba herufi za jina lake na lililomla fedha na afya. Aliandika mikahawani, aliandika ndani ya magari ya kukodi, aliandika huku mtumishi wa kiwanda cha chapa akimsubiri mlangoni.

Wengi humsimulia kama mwandishi wa habari aliyechoka na habari, akageukia ushairi na historia ya Ukristo. Usimulizi huo una ukweli, lakini umepindika mahali. Chesterton alianza na ushairi: diwani zake mbili zilitoka mwaka 1900, wakati jina lake halijajulikana na mtu. Kisha magazeti yakammeza. Mwaka 1911, baada ya miaka kumi ya kalamu ya mkate, ndipo alipotoa kwa mkupuo mmoja tungo zake mbili kubwa, The Ballad of the White Horse na Lepanto. Na baada ya kuingia Kanisa Katoliki mwezi Julai 1922 vikafuata vitabu vya historia ya dini: cha Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1923, The Everlasting Man mwaka 1925, na cha Mtakatifu Thomas Aquinas mwaka 1933. Kwa hiyo huku si kugeuka kwa mtu aliyeacha njia. Ni kurudi kwa mtu aliyetoka nyumbani kwenda sokoni, akarudi na mazoea ya sokoni.

Na mazoea hayo ndiyo yanayohitaji kutazamwa. Mwandishi wa makala za kila wiki hujifunza mambo matatu kwa lazima. Hujifunza kuanza kwa kishindo, kwani msomaji aliye ndani ya treni hana subira. Hujifunza kuwa na mpinzani, kwani makala isiyo na wa kupingwa hulala usingizi katika aya ya pili. Na hujifunza kutegemea kumbukumbu, kwa kuwa maktaba iko mbali na saa inakwenda. Chesterton alikuwa bingwa wa yote matatu. Silaha yake kuu ilikuwa tanakuzi: alichukua kauli ambayo kila mtu anaiamini, akaipindua kichwa chini miguu juu, na mara ikaonekana kwamba kumbe ndivyo ilivyopaswa kusimama tangu mwanzo. Katika makala moja jambo hilo hufurahisha. Katika kitabu cha kurasa mia tatu huchosha, na wapo waliochoka naye wakamwacha njiani. Lakini katika shairi tanakuzi si mgeni, ni mwenyeji. Ndiyo maana mtu aliyekerwa na nathari ya Chesterton anaweza bado kukamatwa na Lepanto.

Shairi hilo lilichapishwa kwanza Oktoba 1911 katika The Eye-Witness, gazeti la rafiki yake Hilaire Belloc, kisha likaingia katika diwani yake ya mwaka 1915. Linahusu vita vya baharini vya tarehe 7 Oktoba 1571, karibu na mlango wa Ghuba ya Korintho huko Ugiriki, ambapo muungano wa Papa Pius V, Hispania na Venisi uliyashinda majeshi ya Sultani Selim II wa Uturuki. Amiri wa upande wa Wakristo alikuwa Don John wa Austria, kijana wa miaka ishirini na minne, mwana wa nje wa Kaisari Charles V na kwa hiyo ndugu kwa baba wa Mfalme Philip II wa Hispania.

Mwenye sikio la ushairi atalipenda kabla hajalielewa. Kiingereza hakihesabu mizani kama Kiswahili kihesabuvyo. Chenyewe hupima kwa mapigo, na Chesterton amepiga kama mpiga msondo. Mishororo mirefu inakwenda kwa mwendo wa jeshi, kisha ghafla inakatika kuwa mifupi, kama ngoma inapobadilisha hatua na wachezaji wakajikuta wamebadilika nayo. Katikati kuna kiitikio kilichofungwa ndani ya mabano kuhusu Don John. Hapa fundi ameonyesha ufundi wake: kiitikio hakibaki kilivyo. Kila kinaporudi kitenzi kimebadilika, na kwa vitenzi hivyo tu msikilizaji anafuata safari nzima ya vita, tangu kujifunga silaha, kuingia baharini, kufyatua mizinga, hadi kurejea. Wajuzi wa bahari za ushairi wa Kiswahili watatambua kwamba hapa kibwagizo na kiishio vimeozwa. Kinarudi kama kibwagizo, kinasogea kama kiishio. Mwaka 1915 John Buchan alimwandikia Chesterton kumjulisha kwamba askari walilipigia kelele shairi hilo ndani ya mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na si ajabu. Ni shairi la koo, na la macho huja baadaye.

Ufundi uko pia katika jinsi anavyowashughulikia wafalme wa Ulaya. Papa anaomba panga, na hapati. Malkia wa Uingereza anajitazama katika kioo. Mfalme wa Ufaransa anapiga miayo kanisani. Philip wa Hispania, ambaye ndiye mwenye merikebu nyingi, amejifungia chumbani mwake penye rangi za huzuni akiwa na kichupa cha sumu mkononi. Kila mmoja amepewa mistari michache tu, na kila mmoja ameumbwa mzima, kwa kitendo kimoja kidogo cha mwili. Huu ni ufundi wa gazeti: mchoraji wa vibonzo anayejua kwamba pua moja ikichorwa sawasawa uso wote utajulikana. Na kwa kuwa wanaodhihakiwa ni wafalme wake mwenyewe, wa bara lake na wa dini yake, dhihaka ina ujasiri ndani yake.

Lakini kuna ubeti ambao msomaji wa visiwani hawezi kuupita kama anayepita mtaa usio wake. Ni pale mshairi anapopanda peponi na kumwonyesha yule anayemwita Mahound. Jina hilo ndilo walilolitumia Wazungu wa Zama za Kati kumpotosha Mtume Muhammad (S.A.W.), na katika michezo yao ya kuigiza lilikuwa jina la sanamu linaloabudiwa, mambo ambayo hata mtoto wa chuoni angeyacheka kama yasingeumiza. Chesterton amempa kilemba kikubwa na hurulaini, kisha akamwitishia jeshi la mchanganyiko: Azraili, majini ya Nabii Suleiman na mungu wa kale wa Misri, wote katika mkumbo mmoja.

Inatosha kusema kwamba hili linachukiza. Wengi wamelisema, na wana haki. Hata hivyo lawama ya imani peke yake haimalizi kazi ya mhakiki, kwani shairi linaweza kuchukiza na likawa zuri. Kasoro iliyopo ni ya ufundi. Mtu yuleyule aliyewaumba wafalme watatu wa Ulaya kwa kioo, miayo na kichupa, hapa hakuumba kitu. Amekopa mapambo kutoka duka la Elfu Lela Ulela. Amiri wa Uturuki, Ali Pasha, aliyepigana juu ya sitaha ya merikebu yake mpaka akauawa hapohapo, hakutajwa kabisa. Sultani ni tabasamu na ndevu. Maadui wa Don John hawana hata mmoja aliye na uso. Mshairi amelala, na mwandishi wa gazeti, ambaye lazima awe na mpinzani kabla ya saa ya kuchapa, ameshika kalamu akamaliza ubeti kwa niaba yake.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Chesterton hakujua kumpa adui uso. Mwaka uleule wa 1911 katika The Ballad of the White Horse alilifanya hilo vizuri kuliko washairi wengi wa Kiingereza wa zama zake. Utungo huo mrefu ni wa Mfalme Alfred wa Wessex na vita vyake na Wadenmaki, vilivyofikia kilele huko Ethandune mwaka 878. Mwenyewe aliweka wazi katika dibaji kwamba hasimulii historia bali masimulizi ya watu. Katika sehemu ya tatu Alfred anaingia kambini mwa adui akijifanya mpiga kinubi. Hapo viongozi wa Wadenmaki wanakichukua kinubi mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaimba lililomo moyoni mwake: mmoja anaimba furaha ya uporaji, mwingine huzuni isiyo na jina, mwingine hasira, na Guthrum, mkuu wao, anaimba ule utupu anaouona mtu mwenye akili aliyeishi siku nyingi bila ya tumaini. Ndipo Alfred anapojibu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hili ni nini. Ni malumbano. Ni kijembe kwa kijembe, ni ngonjera ya watu walio tayari kuuana asubuhi, na kila upande umepewa zamu yake na umepewa mishororo yake mizuri. Wimbo wa Guthrum una nguvu kiasi kwamba jibu la Alfred linalazimika kufanya kazi. Mwaka 1941, Krete ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani, gazeti la The Times lilichukua mishororo ya utungo huu na kuiweka katika tahariri yake. Mishororo hiyo iliweza kubeba uzito huo kwa sababu haikutungwa na mtu aliyeuona ushindi kuwa rahisi.

Basi Wadenmaki wapagani walipewa nyimbo nne na kinubi, na Waislamu wakapewa kilemba. Tofauti hiyo haitokani na uhaba wa kipaji. Pengine inatokana na umbali: Mdenmaki alikuwa ameshakuwa babu wa Mwingereza, amebatizwa na kuzikwa katika viunga vyake, ilhali Mturuki wa mwaka 1911 alikuwa bado habari ya gazeti.

Hapa pwani kuna kipimo cha kumpimia Chesterton ambacho wahakiki wa London hawakuwa nacho. Mwaka 1728, katika kisiwa cha Pate, Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Chuo cha Herekali, kiitwacho pia Utendi wa Tambuka, mojawapo ya tenzi kongwe kabisa za Kiswahili ambazo tarehe yake inajulikana. Ni Lepanto iliyotazamwa kutoka ng'ambo ya pili: vita vya Waislamu na Herekali, Kaisari wa Rumi, katika beti zaidi ya elfu moja za mishororo minne, mizani nane kila mmoja. Historia inasimulia kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila ya kupambana na jeshi la Rumi. Bwana Mwengo ametunga mapambano makubwa. Kwa hiyo mwenye kumlaumu Chesterton kwa kuipinda historia na amlaumu pia Bwana Mwengo, au awasamehe wote wawili, kwa maana utenzi si daftari la bandari.

Ukiviweka vitabu viwili pamoja, jambo moja hujitokeza. Katika Chuo cha Herekali adui anaandikiwa barua. Kabla ya upanga kuna wito. Herekali anaitwa, anajibu, na kukataa kwake ni kwake mwenyewe. Ni mfalme mwenye hiari, naye anashindwa kwa hiari yake. Katika Lepanto hakuna anayeitwa wala anayeandikiwa. Kuna ngoma, kisha mizinga. Kwa upande huu mshairi wa Pate amemshinda mshairi wa London, na si kwa dini bali kwa usanifu: hadithi ambamo adui angeweza kuchagua vinginevyo ni hadithi iliyokaza zaidi. Lakini mizani ina vitanga viwili, na cha pili kina uzito wake, nacho kiko chini ya sitaha.

Kuelekea mwisho wa Lepanto, wakati Papa anaomba katika kanisa lake dogo, mshairi anafungua matumbo ya merikebu za Kituruki na kuwaonyesha watumwa wa Kikristo waliofungwa kwenye makasia: watu wasioona jua, waliosahauliwa, walio kama waliochimbiwa migodini. Halafu vita vinapasuka, na wanatoka kwa maelfu kwenye mwanga. Hapo maneno ya Chesterton yanaacha kuwa zulia la ukutani. Yanapata jasho na harufu. Hii ndiyo sehemu ya shairi inayoweza kusomwa Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, bila ya mtu kuuliza mshairi ni wa dini gani. Ukweli kwamba merikebu za Don John nazo zilisukumwa na watumwa, mateka wa Kiislamu na wafungwa, haumo. Ungekuwamo, shairi lingekuwa kubwa zaidi, na huenda lisingepigiwa kelele mahandakini.

Yapo mengine yasiyokuwamo. Gazeti hupenda siku moja, na Lepanto ni shairi la siku moja. Halisemi kwamba Waturuki waliunda majeshi mapya ya baharini kwa muda mfupi. Kwamba Venisi ilikubali kuiachia Kupro katika mkataba wa 1573. Kwamba mwaka 1574 Waturuki waliitwaa Tunis, ambayo Don John mwenyewe alikuwa ameiteka mwaka mmoja kabla. Na bila shaka halikuweza kusema kile ambacho pwani hii inakijua. Philip II, yule wa kichupa, alitwaa ufalme wa Ureno mwaka 1580, na kwa hiyo akawa bwana wa mabwana wa Mombasa. Vita vya Lepanto vilikuwa na mjukuu huku. Katika miaka ya 1580 Mturuki Amir Ali Bey alifika mara mbili na merikebu chache, na miji ya pwani iliyochoka na Wareno ikampokea. Malipo yakawa mazito: mwaka 1587 Wareno waliiangamiza Faza, katika kisiwa kilekile cha Pate ambako utenzi wa Herekali ulikuja kutungwa. Mwaka 1589 Ali Bey alishindwa Mombasa na kukamatwa. Mwaka 1593, Philip akiwa bado hai na akiwa bado mfalme, jiwe la kwanza la Ngome ya Yesu likawekwa. Kwa mtu wa Faza, mfalme huyu hakuwa amejifungia chumbani.

Kuna ajabu nyingine ya kupitia tu. Mwaka wa 1728 ndio Wareno, waliofukuzwa katika ngome hiyo mwaka 1698, waliporudi Mombasa, na waliwasaidia ni watu wa Pate, waliokuwa na ugomvi na Waomani. Kwa hiyo utenzi mkubwa wa Waislamu dhidi ya Rumi uliandikwa Pate wakati Pate ikiwa imeungana na Warumi wa zama zake. Ushairi wa vita vya dini haupendi kutazama dirishani.

Vitabu vya nathari havihitaji nafasi ndefu kama hiyo, ingawa ndivyo vilivyosomwa na wengi zaidi. The Everlasting Man kilikuwa jibu kwa H. G. Wells, aliyesimulia historia ya dunia kana kwamba binadamu ni mnyama aliyeendelea na Kristo ni mwalimu mmoja kati ya waalimu. Chesterton anajibu kwa mapango mawili: pango la mtu wa kale aliyechora wanyama ukutani, na pango la Bethlehemu. Ni muundo wa mshairi, si wa mwanahistoria, na kitabu chote kinaning'inia juu ya sitiari hiyo moja pasipo kuanguka. Lakini anapofika kwenye Uislamu anauona kama tawi lililokatika kutoka mti wa Kikristo, na anapita haraka kama mtu aliyepishana na jirani asiyemjua jina. Tarehe ni chache, marejeo hayapo. Alikwishaandika historia fupi ya Uingereza mwaka 1917 karibu bila ya tarehe hata moja. Kitabu cha Mtakatifu Thomas alikisomesha kwa mdomo, katibu wake akiandika, na bado Étienne Gilson, aliyetumia umri wake kumsoma Thomas, alikisifu kwa namna ambayo wanachuoni huwa hawawasifu watu wa magazeti. Kumbukumbu ya Chesterton ilikosea maneno ya watu mara nyingi. Mara chache ilikosea nia zao.

Mara chache, si kamwe. Kuhusu Wayahudi alikosea nia na maneno pia. The New Jerusalem cha mwaka 1920, alichokiandika baada ya safari yake ya Palestina, kina kurasa za chuki ambazo hakuna udhuru wa zama unaoweza kuziosha, na wapenzi wake wanaozificha wanamtendea vibaya kuliko maadui zake. Katika kitabu hichohicho, jambo la kustaajabisha, alipoukuta Uislamu kwa macho yake na si katika vitabu vya hadithi, lugha yake ilipungua mapambo. Aliuita imani ya jangwa, nyofu na pana, akaupinga. Lakini alikuwa anapinga kitu alichokiona.

Kile cha Fransisko kinastahili neno zaidi. Mwaka 1219, katikati ya vita vya msalaba, Fransisko alivuka mstari wa mapigano huko Damietta, Misri, akaenda kuonana na Sultani al-Kamil bila ya silaha. Alihubiri, akasikilizwa, akarudi salama. Chesterton anaisimulia safari hiyo kwa upendo na kwa utulivu ambao haumo katika Lepanto. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Katikati kulikuwa na Vita Kuu, na ndugu yake Cecil alikuwa amefia hospitali ya jeshi Ufaransa mwezi Desemba 1918. Mwandishi wa mahandaki na mizinga alikuwa sasa anaandika habari za mtu aliyekwenda kwa adui kumwita, kama ile barua ya Herekali.

Linabaki swali la tafsiri, maana watunzi wa Kiswahili hawajawahi kuona haya kuhamisha vyombo kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, aliuchukua utenzi, chombo kilichochongwa na masheikh, akatungia Utenzi wa Enjili Takatifu, na chombo hakikupasuka. Je, Lepanto yaweza kuletwa? Kwa utenzi haiwezi: mizani nane ni mwendo wa ngamia, na hili ni shairi la farasi. Mfasiri atalazimika kutumia mishororo ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kuikata ghafla kuwa ya mizani sita au mitano pale ngoma inapogeuka. Na kiitikio akiache ndani ya mabano yake, kitenzi kikibadilika. Ugumu ni lile jina. Akiandika jina la Mtume, atakuwa amefanya kosa kubwa kuliko la mtunzi. Akiliruka, amedanganya wasomaji kuhusu shairi wanalosoma. Njia iliyobaki ni kuliacha Mahound kwa herufi zake za kigeni, bila ya kulivika kanzu ya Kiswahili, ili lionekane lilivyo: sanamu la majani lililotengenezwa Ulaya, na mtengenezaji wake ameacha alama za vidole.

Kisha atafika kwenye beti za mwisho, ambazo ni rahisi kutafsiri na ngumu kusahau. Vita vimekwisha. Askari mmoja wa kawaida juu ya merikebu yake anarudisha upanga alani na kutabasamu; anaona, katika nchi iliyochoka, barabara na mpanda farasi mmoja, mwembamba na mjinga, anayekwenda milele bila ya kufika. Askari huyo ni Cervantes, ambaye mkono wake wa kushoto uliharibika siku ile. Katika tenzi za vita ni vigumu kumpatia mwenzake, mshindi huyu anayemaliza kupigana na hapohapo kuanza kutunga hadithi ya mtu anayepigana bure. Hapa shairi limejikosoa lenyewe, na kwa hilo linasamehewa mengi.

Chesterton anamwacha Cervantes hapo, akitabasamu. Mwaka 1575 maharamia wa Algiers walimkamata akirudi Hispania, na akakaa mateka katika mji huo wa Waislamu miaka mitano, mpaka alipokombolewa kwa fedha mwaka 1580. Don Quixote ilipotoka mwaka 1605, msimulizi wake alidai kwamba kisa hicho hakukitunga yeye. Alisema aliukuta muswada wa Kiarabu ukiuzwa sokoni Toledo, kazi ya mwanahistoria Mwarabu aitwaye Cide Hamete Benengeli, naye akamtafuta Mmorisko anayejua lugha zote mbili aufasiri neno kwa neno. Ujira wa mfasiri ulikuwa zabibu kavu na ngano.